Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Kiziwi Ana Lugha Ngapi?

SWALI: Kitinda mimba wangu, mwenye umri wa miaka mitano, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Sisi wengine nyumbani tunasikia. Nimesoma kwamba viziwi ni jamii ya wachache yenye lugha mbili na tamaduni mbili, nikashangaa, maana mimi nilidhani ni watu wasiosikia, basi. Ndugu zangu wananionya kwamba akizoea lugha ya alama hatajifunza kuzungumza, na mwishowe atawafuata viziwi wenzake na kutuacha. Je, wana hoja?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, hofu ya ndugu zako ina umri mkubwa kuliko wao. Mwaka 1880, walimu wa viziwi walikutana katika kongamano mjini Milan, Italia, karibu wote wakiwa ni watu wanaosikia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa usemi wa mdomo tu. Baada ya hapo, katika nchi nyingi walimu viziwi walipoteza kazi na watoto wakakatazwa kutumia mikono darasani. Ilipita miaka 130 kabla ya kongamano la mfululizo huohuo, lililofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, kuyakataa maazimio hayo. Madai kwamba alama huua usemi hayajathibitika; kinachojulikana kumdhuru mtoto ni kukaa miaka ya mwanzo bila lugha yoyote anayoipata kikamilifu, kwa kuwa kusoma midomo ni kubahatisha: maneno mengi hufanana mdomoni, na jaribu mwenyewe kutamka “baba” na “mama” bila sauti mbele ya kioo uone.

Lugha ya alama si maigizo wala si lugha ya kusema iliyotafsiriwa neno kwa neno. William Stokoe, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alilionyesha hilo mwaka 1960 alipochambua alama za viziwi wa Marekani na kukuta zimejengwa kwa vipashio vidogo, kama vile umbo la mkono, mahali unapowekwa na jinsi unavyosogea, sawa na maneno yetu yanavyojengwa kwa sauti. Sisi hutenganisha “Amefika” na “Amefika?” kwa kupandisha sauti, lugha nyingi za alama hupandisha nyusi. Wala si lugha moja kwa dunia nzima: kiziwi wa Marekani na wa Uingereza, ambao majirani zao wote husema Kiingereza, hutumia lugha za alama zisizo na undugu, na ile ya Marekani iko karibu zaidi na ya Ufaransa.

Kuhusu utamaduni, si kila asiyesikia atajihesabu humo. Mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka sabini kwa kawaida hubaki katika jamii yake ileile. Lakini waliokua na lugha ya alama wana adabu zao. Kumgusa mtu begani ili akutazame ni heshima, kumbe kuyageuza macho wakati anaongea ni kama kumziba mdomo. Ukiwatembelea utaona wanavyosogeza viti viwe duara kila mtu aone mikono ya mwenzake, na wakati wa kuagana wanavyosimama chini ya taa wakiendelea kuzungumza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unautaja utamaduni huu waziwazi.

Sasa, atawaacha? Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo jamii hii ina jambo lisilo la kawaida: utamaduni wake wengi huupokea shuleni na kwa wenzao, si mapajani mwa mama. Mwanao ataupata huko, na wenu ataupata kwenu, iwapo tu mtampa mlango. Fikiria mezani: watu wanacheka, mtoto anauliza kuna nini, anajibiwa “nitakueleza baadaye”, na baadaye haifiki. Hilo ndilo humtenga mtoto na nyumba yake. Anzeni wote kujifunza alama, na mwalimu awe kiziwi ikiwezekana.

SWALI: Nafundisha viziwi. Wanafunzi wangu ni werevu, lakini insha zao za Kiswahili zina makosa kama ya wageni. Tatizo ni nini?
Mwalimu

JIBU: Mwalimu, umejijibu: Kiswahili kwao ni lugha ya pili, tena waliyoikuta kwenye karatasi. Mtoto anayesikia huingia darasa la kwanza akiwa amesikia “kiti kimevunjika” na “viti vimevunjika” mara nyingi, naye hapatanishi viambishi kwa kufikiri. Mwanafunzi wako huvikuta vikiwa wino tu, na lugha yake ya kwanza haina ngeli za namna hiyo. Bunge la Uswidi lilikubali mwaka 1981 kwamba viziwi wanahitaji kuwa na lugha mbili, na ufundishaji wa namna hiyo huanzia pale: hadithi isimuliwe kwanza kwa alama hadi waielewe na kuijadili, ndipo ukurasa ufunguliwe, sentensi ziwekwe kando ya alama zake, na tofauti za sarufi zielezwe wazi kama unavyomweleza mtu mzima anayejifunza lugha ngeni. Na unaposahihisha, maksi za maudhui zitenge na za sarufi.