Uso wa saa ya babu usipakwe rangi

Swali: Assalamu alaikum, fundi. Babu ameniachia saa ya ufunguo, Longines, aliyokuwa akiivaa na kanzu siku za sikukuu. Inatembea vizuri, ila uso umeingia umanjano na madoa. Kuna mtu hapa Wete anasema ataupaka rangi na kulipiga msasa kasha ling'are, wanunuzi wa saa za kale waipende. Nimpe?

Jibu: Waalaikum salaam, mwanangu. Usimpe. Saa zilizokwisha kuharibiwa hivyo naletewa kila mara, na sina la kuzifanya.

Wanaokusanya saa hizi hawafuati mng'aro. Wanapenda saa nyembamba, ya milimita 33 au 35, inayolala chini ya mkono wa kanzu bila kuonekana, na uso wake uwe uleule uliotoka kiwandani kwa Longines, Saint-Imier, Uswisi. Umanjano ule ni vanishi iliyozeeka. Uache.

Juzi niliiweka moja iliyopakwa rangi upya chini ya lenzi. Herufi za jina nene, zimetambaa pembeni. Vistari vya dakika havikutani na alama za saa. Na lile neno dogo "Swiss" chini kabisa ya uso limefunikwa na rangi. Herufi za kiwandani ni nyembamba kama unywele. Mnunuzi anayejua huyaona hayo kabla hajauliza bei.

Na kasha, kama limechovywa dhahabu, msasa utaila mpaka shaba itokeze, kuanzia pembeni. Kama ni dhahabu tupu, utafuta mihuri ya karati, inayoonesha kiwango cha dhahabu.

Unasema inatembea vizuri. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi. Saa nyingi za namna hii hupiga mara 18,000 kwa saa moja, na mafuta yakishakauka, chuma kinasagika huku mishale inakwenda. Ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta mapya. Na usitawadhe nayo mkononi, haizuii maji.

Lakini angalia unampa nani. Wapo wanaoichovya mashine nzima kwenye petroli, na wapo wanaoing'oa wakaweka ya betri, ukarudishiwa kasha tupu la babu yako. Kabla hujaiacha, andika namba iliyochongwa kwenye mashine, kisha mwombe fundi akuoneshe mafuta anayotia. Akikutolea chupa ya mafuta ya cherehani, chukua saa yako uondoke.