Nimeacha vidonge vya sonona, sasa kichwa kinapiga shoti

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa darasa la saba hapa Mafinga, nina miaka 34 na watoto wawili. Nilipojifungua wa pili nilipata sonona, nikaandikiwa sertraline ya miligramu 50 hospitali kule Mbeya. Ni miezi 14 sasa. Kuanzia mwezi wa tano wa dawa nilikuwa mtu mzima kabisa, nafundisha, nacheka. Wiki iliyopita vidonge viliisha na duka ninalonunua hawakuwa navyo, nikasema basi, nimeshapona, naacha. Siku ya tatu nikaanza kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu, nalia bila sababu, na kichwani kuna kitu kinapiga kama shoti ya umeme. Leo ni siku ya tisa. Mama mkwe anasema nimekuwa teja wa vidonge na nivumilie mpaka sumu itoke. Jirani amenipa amitriptyline zake nijaribu. Na mume wangu, kusema kweli, alifurahi niliposema naacha, kwa sababu tangu nianze dawa mambo ya chumbani yamepoa. Nivumilie au nirudi? – Mwalimu, Mafinga*

Kamwene, mwalimu, na marahaba.

Rudi kwenye dawa kwanza, halafu utaiacha kwa utaratibu. Leo hii ipigie simu kliniki iliyokuandikia, uwaambie mambo matatu: jina la dawa, dozi, na tarehe uliyomeza kidonge cha mwisho. Kwa mapengo ya siku tisa wengi hurudishwa moja kwa moja kwenye miligramu 50, na wengine huanzishwa na nusu kidonge kwa siku chache ili tumbo lisichafuke. Waache wao waamue. Ukishaanza tena, hizo shoti kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja hadi tatu, na hiyo peke yake itakuwa imekujibu swali ambalo hukuliandika ila nimelisoma katikati ya mistari: je, ugonjwa umerudi?

Sidhani kama umerudi. Sonona ikirudi huja polepole, wiki kwa wiki au mwezi kwa mwezi, kwa sura ileile uliyoijua: usingizi unakatika alfajiri, chakula hakina ladha, mtoto analia na wewe unamtazama tu. Sasa tazama ulichoniandikia. Kimeanza siku ya tatu, na kimekuja na vitu ambavyo hukuwa navyo ulipougua, yaani kizunguzungu, kichefuchefu na shoti. Ninaamini kabisa kwamba shoti hizo hukupiga zaidi ukigeuza macho ghafla, mathalani kutoka ubaoni kwenda kwa mwanafunzi wa dirishani. Unasikia kama "tsst", dunia inaruka kidogo, kisha inarudi mahali pake. Madaktari wanazijua sana. Zinatisha, ila hazichomi ubongo na wala si dalili ya kifafa. Ni mwili ulioondolewa dawa ghafla.

Sertraline nusu yake hutoka mwilini kwa takriban siku moja. Ukiacha Jumamosi, kufikia Jumanne imebaki kidogo sana. Kazi yake ni kuziba milango ambayo seli za ubongo huitumia kuirudisha ndani serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe. Kwa miezi 14 ubongo wako umejipanga upya kuishi na milango iliyozibwa, kama mtu aliyezoea redio ya sauti kubwa hadi masikio yakapunguza ukali. Redio ikizimwa ghafla, masikio hayafunguki siku hiyohiyo. Yanahitaji wiki, kwa wengine miezi. (Ukisikia mtu anasema sonona ni "upungufu wa serotonini" tu, jua amerahisisha mno. Dawa husaidia watu wengi, lakini sababu za ugonjwa ni nyingi kuliko kemikali moja.)

Kuhusu uteja, mama mkwe umsikilize kwa heshima, halafu umuulize kama anameza vidonge vya presha. Kama ni atenolol au propranolol, akiziacha ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha kupanda juu kuliko ilivyokuwa. Hakuna anayemwita teja. Teja hutamani kitu, huongeza dozi yeye mwenyewe, hukitafuta hata kikimharibia kazi na nyumba. Wewe miezi 14 umebaki kwenye kidonge kimoja kilekile, na ulipokikosa hukukimbilia vichochoroni. Mwili wako umezoea dawa, basi. Kuvumilia "mpaka sumu itoke" si ushujaa; kwa wengine hupita wiki mbili au tatu, kwa wengine huvuta miezi, na wewe una darasa la watoto wanaosubiri mtihani wa Septemba.

Kabla hatujaendelea, jambo moja lisisubiri. Kama katika kilio hicho kumeingia mawazo ya kufa, au ya kumdhuru mtoto, usingoje simu ya kliniki: mwambie mume wako leo na mwende hospitali ya karibu, usiku au mchana. Vilevile kama hulali usiku mbili tatu mfululizo na bado unajisikia una nguvu za ajabu, unaongea bila kupumua na unapanga miradi kumi, daktari akuone haraka. Hiyo si sonona, na dawa za sonona zinaweza kuichochea.

Tuje kwenye kuacha. Umekuwa mzima kwa takriban miezi tisa. Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, ushauri wa kawaida ni kuendelea na dawa angalau miezi sita baada ya kupona, kwa hiyo wazo lako la kuacha halikuwa baya. Njia ndiyo ilikuwa mbaya. (Aliyewahi kuugua zaidi ya mara moja huambiwa aendelee hata miaka miwili, kwa hiyo kama uliwahi kuwa hivi ujanani ukanyamaza, mwambie daktari.) Na majira nayo ni mabaya: baridi hii ya Mufindi, asubuhi nyasi nyeupe kwa barafu, na mitihani mbele. Ningekuwa mimi ningekuomba ubaki kwenye 50 hadi darasa la saba wamalize, kisha uanze kushuka wiki ya kwanza ya Oktoba.

Ushukeje? Hapa ndipo wengi huumia, hata wanaodhani wamekwenda polepole. Wanakata dozi nusu, hawasikii kitu, wanafurahi, wanaacha, wanaanguka. Dozi na kazi ya dawa haviendi sambamba. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba citalopram, ndugu wa sertraline, kwa miligramu 20 huziba takriban asilimia 80 ya milango ile, na kwa miligramu 5 bado inaziba kama asilimia 60. Maana yake umeondoa robo tatu ya dawa na kazi imepungua kidogo tu; shimo lote limejificha kwenye zile miligramu chache za mwisho. Madaktari Mark Horowitz na David Taylor waliliandika jambo hili mwaka 2019, na tangu hapo mashauri ya kuacha dawa yamebadilika: ngazi za mwisho ziwe ndogo zaidi kuliko za mwanzo.

Kwako wewe, mpango wa kupeleka kwa daktari akaurekebishe unaweza kuwa hivi. Wiki nne za miligramu 37.5, yaani nusu na robo ya kidonge. Wiki nne za 25, nusu kidonge. Wiki nne za 12.5, robo. Halafu wiki nne za nusu ya robo, kisha ndipo uache. Robo utaianza mwishoni mwa Novemba na kuimaliza karibu na Krismasi, kipindi ambacho huna daftari za kusahihisha. Ile ngazi ya mwisho usiianze wala kuimaliza wiki ya kufungua shule Januari. Sogeza mbele siku kumi, hakuna anayekufukuza. Kwa hesabu, wiki nne za kwanza zinataka vidonge 21, za pili 14, za tatu 7, za mwisho 4. Jumla 46. Ukiwa na 60 mkononi kabla hujaanza, unayo akiba ya kurudi nyuma kama ngazi itateleza.

Kukata: wembe mpya, sahani kavu, kidonge kikae mstari ukiangalia juu, ukandamize mara moja bila kusugua. Au nunua kikata vidonge famasia kama wanacho. Nusu hutoka vizuri. Robo hazilingani, moja nene moja nyembamba, na hilo lisikutie wasiwasi, mradi vipande vyote vya kidonge kimoja uvimeze siku zinazofuatana kabla ya kukata kingine. Usikate vya mwezi mzima, vitalika kwa unyevu na kubaki unga. Kipande kilichokatwa ni kichungu na hutia ganzi ulimi, kwa hiyo kimeze na funda la uji. Ile nusu ya robo ni shida kwa wembe. Muulize mfamasia wa hospitali kubwa kama anaweza kukuandalia dozi ndogo, asipoweza daktari anaweza kukuhamishia fluoxetine, ambayo hutoka mwilini polepole sana, kwa siku nyingi hadi wiki, na hivyo hujishusha yenyewe. Tena aghalabu hupatikana kirahisi zaidi.

Usifanye ule ujanja wa kumeza siku moja na kuruka moja. Kwa dawa inayopungua nusu kila siku, ukiruka siku umeshuka hadi robo, kesho yake unapanda tena. Unauchapa ubongo shoti kila baada ya saa 48.

Ngazi ikikushinda, yaani dalili zinakuzuia kufundisha au kulala, rudi ngazi ya juu yake, kaa wiki nne hadi sita, kisha ushuke kwa kipande kidogo zaidi. Weka daftari: tarehe, dozi, usingizi, shoti ngapi, umelia au la. Mwalimu hahitaji kufundishwa kuweka kumbukumbu. Na mtu mmoja wa nyumbani aisome kila Jumapili, kwa sababu sonona ikianza kurudi, mwenye nayo huwa wa mwisho kuiona.

Mume wako sasa. Hajakosea. Dawa za kundi hili hupunguza hamu, hukausha, huchelewesha au kuzuia kabisa kufika kileleni, kwa wanawake na kwa wanaume, na wengi hawaambiwi wakati wa kuandikiwa. Aelewe kwamba si yeye aliyechujuka. Hamu kwa kawaida hurejea dozi ikishuka. Wachache huchelewa nayo hata baada ya kuacha, kwa hiyo litaje wazi kliniki, usisubiri uulizwe. Kama hamwezi kungoja Oktoba, daktari ana njia: kupunguza dozi kidogo mapema au kubadili dawa. Mwende wote wawili kama anakubali. Na kama mnapanga mtoto wa tatu, lisemeni kabla, si siku ya mistari miwili.

Wakati upo kwenye sertraline, kichwa kikiuma meza paracetamol. Tramadol usiguse: zikikutana huweza kupandisha serotonini kupita kiasi, ukatetemeka, ukatoka jasho, misuli ikakakamaa na joto kupanda, na hiyo ni dharura. Diclofenac, ibuprofen na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali. Ukipimwa malaria na kuandikiwa mseto, taja dawa yako, maana mseto na baadhi ya dawa za sonona huweza kuchezea mapigo ya moyo. Ulanzi najua Mufindi haukwepeki harusini, ila pombe hushusha moyo kesho yake, na kipindi cha kushuka dozi hutajua kilichokuangusha ni kipi.

Ukisahau kidonge, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ukikumbuka kesho yake, meza kimoja tu, usifidie. Vikibaki 14 anza kutafuta vingine. Mpigie mfamasia wa Mbeya au Iringa kabla hujapanda gari. Basi hufika na kifurushi, mradi umtumie picha ya cheti. Usishtuke kopo likiwa la kampuni nyingine, soma jina la dawa yenyewe na miligramu, pamoja na tarehe ya kuisha.

Hizo amitriptyline za jirani hazitakusaidia. Nazo ni dawa za sonona, ila za kundi jingine, hazizibi vizuri pengo la sertraline, zitakukausha mdomo, zitakufunga choo, na zitakulaza fofofo wakati una mtoto wa mwaka na nusu anayeamka usiku. Mtoto huyo ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu vidonge vichache tu vya amitriptyline vinaweza kumuua mtoto wa umri wake. Mrudishie jirani leo, mkononi mwake, na za kwako zitakapofika ziweke juu ya kabati, si kwenye mkoba unaouacha kitandani.