Usinunue bakteria kabla hujachimba mzizi

Msimu wangu wa kwanza wa soya, hapa mkoani Ruvuma, mbegu zangu nilizipaka maiti. Sikujua. Nilichojua ni kwamba nimenunua pakiti ya unga mweusi kwenye duka la pembejeo, nimeambiwa mna bakteria wa kuitafutia soya mbolea, nami nimeuchanganya na mbegu. Wiki ya sita shamba likawa la manjano. Nikawaambia majirani ule unga ni utapeli mtupu.

Aliyenirudisha kwenye mstari ni bwana shamba mmoja mstaafu. Hakuuliza habari za mbolea. Aliniuliza pakiti ilipita wapi kabla ya kufika shambani, nikamweleza. Dukani ilikuwa rafu ya juu kabisa, chini ya bati, karibu na dirisha la jua. Ikapanda bodaboda na mimi saa saba mchana. Ikakaa stoo wiki tatu juu ya mfuko wa urea. Siku ya kupanda nikaufungua unga katikati ya shamba, nikaukoroga kwenye karai lililokuwa limeshika moto kwa jua, na mbegu zenyewe zilikuwa zile nyekundu zilizokwisha kupakwa dawa ya ukungu. Juu ya hayo nikatia urea mstarini, eti mche usianze maisha na njaa.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, vifaranga ungevibeba hivyo?"

Tangu siku hiyo nauhesabu ule unga kama mfugo. Bakteria wa soya, jina lao la kitaalamu Bradirizobiamu, ni viumbe hai. Wanaingia kupitia vinyweleo vya mzizi, mmea unawajengea vinundu na kuwalisha sukari inayotengenezwa na majani. Wao nao wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni hiyo naitrojeni, lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia. Jua kali linawaua. Dawa nyingi za kupaka mbegu, hasa zenye shaba au thiramu, zinawaua pia. Urea ina kosa lake la pembeni: mmea ukishapata naitrojeni ya bure ardhini hauoni haja ya kulisha wageni, kwa hiyo hauwafungulii mlango.

Sasa, kwa nini soya hasa? Kwa sababu kwetu ni mgeni. Ililetwa Amani, kule Tanga, mwaka 1907, enzi za Mjerumani, na bakteria wanaoielewa si wengi kwenye udongo wetu. Kunde, karanga na njugumawe hawana shida hiyo. Hao wanashirikiana na bakteria waliokuwemo ardhini kabla ya babu zetu. Zipo aina za soya zenye jina linaloanza na TGx, zilizozalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, kule Ibadan, Nigeria, kwa makusudi ya kukubaliana na bakteria wa kienyeji. Kama ndizo unazopanda, tofauti utakayoiona inaweza kuwa ndogo.

Maharage nayo yana tabia yake. Bakteria wao ni wengine kabisa, kwa hiyo pakiti ya soya ukiipaka maharage umepoteza hela. Na hata ukipata yao, ardhini mara nyingi wamejaa wenyeji wanaoingia mizizini kwanza, wakakalia nafasi bila kufanya kazi ya maana. Nimejaribu kwenye maharage misimu miwili, sikuona kitu. Huenda kwako ikawa tofauti. Mimi nimeacha.

Ndiyo maana nasema uchimbe kwanza. Subiri mazao yaanze kutoa maua, chimba mimea mitano au sita sehemu mbalimbali za shamba. Chimba kwa jembe, using'oe kwa mkono, maana ukivuta vinundu vinakatikia ardhini kisha unadanganyika kwamba havipo. Tumbukiza mizizi kwenye ndoo ya maji, udongo utoke taratibu. Ukiona vinundu, pasua vichache kwa kucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu ya nyama, hao wako kazini. Wekundu ule ni jamaa wa karibu wa wekundu wa damu yako, na kazi yake ni kuwagawia oksijeni kwa kipimo. Pakiwa peupe, kijani au kijivu, unalisha wapangaji wasiolipa kodi. Ila angalia usichanganye na uvimbe wa minyoo ya mizizi. Kinundu cha bakteria kimejibandika pembeni ya mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinatoka. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, hautoki bila kuukata. Huo ni ugonjwa, unataka makala yake.

Shamba lako likiwa limejaa vinundu vyekundu, msimu ujao hela yako ibaki mfukoni. Lisipokuwa navyo, au kama soya hapo haijawahi kulimwa, nunua. Dukani nasoma mambo matatu tu: zao lililoandikwa kwenye pakiti, tarehe ya mwisho wa matumizi, na mahali muuzaji alipoitunza. Akiitoa kwenye rafu ya juani namwachia. Biofix inayotengenezwa Kenya ndiyo niliyoizoea. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, nacho kiliwahi kutoa ya kwake, NitroSua. Nyumbani sina friji. Naiweka ndani ya mtungi wa udongo, chumba chenye kivuli, na siinunui mapema kuliko siku chache kabla ya kupanda.

Kupaka ni kazi ya asubuhi. Pakiti yangu ya gramu 100 naitumia kwa kilo 10 za mbegu isiyo na dawa. Nayeyusha sukari vijiko viwili vya chakula kwenye maji safi kama mililita 200, nayamwagia mbegu kidogo kidogo huku nageuza, zing'ae bila kulowa. Ndipo namimina unga na kugeuza kwa upole, maana ganda la soya ni jepesi, ukisugua linachubuka. Kila mbegu ikishakuwa nyeusi naziweka kwenye mkeka chini ya mwembe mpaka zisinate vidoleni. Zinapandwa siku hiyohiyo, udongo ukiwa na unyevu, na shimo linafukiwa palepale. Ukiwa na vibarua, mwambie anayefukia atembee nyuma ya anayepanda, si baada ya chai.

Acha mistari minne bila kupaka, uilinganishe na mingine. Hiyo ianze kupandwa, kabla mikono haijagusa unga, na iwe upande wa juu wa mteremko, kwa sababu maji ya mvua yanasafirisha bakteria kwenda chini. Mwaka wangu wa pili mistari ile ilionekana toka barabarani. Mpwa wangu alipita na baiskeli akaniuliza kwa nini nimepanda mazao mawili.

Lakini bakteria hawali hewa tu. Kuigeuza ile naitrojeni kunataka nguvu nyingi, na bila fosforasi wanasimama. Udongo wa huku kwetu una tindikali, na tindikali inawabana. Mimi natumia mbolea ya fosforasi ya Minjingu, ile inayochimbwa kule karibu na Ziwa Manyara, ambayo udongo wenye tindikali unaiyeyusha vizuri kuliko mwingine. Penye tindikali kali zaidi, tanguliza chokaa miezi kadhaa kabla. Kupaka mbegu na kuziacha kwenye udongo uliochoka ni kumwajiri fundi usimpe vifaa.

Kuna na kundi la pili ambalo halinunuliwi dukani kwetu: kuvu wa mizizini. Hawa wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopenya kwenye matundu ya udongo ambako mzizi hautoshi kuingia, zikarudi na fosforasi na maji. Mvua ikikatika Februari, mahindi yenye kuvu hao huchelewa kukunja majani. Karibu mazao yetu yote yanawapokea, isipokuwa jamii ya kabichi na sukuma wiki. Niliwahi kupanda mahindi mahali pa kabichi, yakaanza na miche ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi, wakati upande wa pili yaliyofuata kunde yalikuwa yananyanyuka. Siwezi kukuapia kwamba ni kuvu peke yao. Ila tangu hapo kabichi naifuatisha na kunde, silimi kwa kina bila sababu kwa kuwa jembe linakata nyuzi zile, na mabua sichomi.

Hao wachuuzi wa chupa wanaopita minadani na "maji ya vijidudu" ya kutibu kila zao na kila ugonjwa, mimi nawauliza: humu mna mdudu gani, jina lake? Wengi wanaanza kueleza habari za Marekani.

Mwaka jana mama yangu alinijia na hela mkononi, nimnunulie pakiti ya kupaka njugumawe zake. Tulikwenda na jembe, tukachimba shina moja. Vinundu vilikuwa vimejaa mzizini, nikapasua kimoja, chekundu tii. Akaifunga hela yake kwenye pindo la kanga, tukaendelea na palizi.