Nilimpoteza fundi kwa kumpandisha cheo

Nina kampuni ndogo ya kuchuja na kufungasha asali hapa Tabora mjini. Tuko kumi na mmoja. Nilikuwa nikisikia habari za kukuza vipaji vya wafanyakazi nadhani ni mambo ya mabenki na kampuni za simu za Dar es Salaam.

Fundi wangu wa mashine alikuwa akisikia mlio wa mota tu anajua beringi inakwisha. Nikamzawadia zawadi pekee niliyoijua: usimamizi. Nikampa meza, daftari la mahudhurio na nyongeza kidogo. Miezi minne haikuisha, kila asubuhi anazozana na wenzake juu ya kuchelewa, na mashine inashikwa na asiyeijua. Akaaga, akaondoka.

Siku hizi tuna ngazi mbili. Apendaye kuongoza watu hupanda upande wake, apendaye chuma hupanda akiwa fundi, na fundi mkuu analipwa sawasawa na msimamizi. Msimamizi alininunia wiki mbili.

Kisa kilichonifunza zaidi ni cha binti aliyekuwa akituoshea ndoo. Mnunuzi mmoja aliturudishia mzigo: asali imechacha, ina mapovu, vifuniko vimevimba. Sisi wakubwa tukasema ndoo hazioshwi vizuri, yaani kosa ni lake. Kumbe mwenzetu alikuwa akizitia ndoo alama ya mkaa kwa kila kijiji zinakotoka, na alishaona kwamba zenye mapovu zinatoka kwa mawakala wetu wawili wale wale wa Sikonge. Walikuwa wanapokea masega ambayo nyuki hawajayafunga kwa nta. Asali ya namna hiyo haijaiva. Maji yakizidi asilimia 20, chachu iliyomo humo huanza kazi yake, hata ndoo uioshe mara saba.

Nikamuuliza mbona amekaa kimya miezi mitatu. Akasema, "Bosi, mimi wa ndoo ningemwambia nani?"

Tukanunua refraktometa ya kupimia maji kwenye asali, tukaanza kulipa bei kwa daraja kulekule kijijini. Binti nikamlipia kozi fupi Chuo cha Nyuki, ambacho kiko hapahapa mjini na miaka yote nilikuwa nakipita tu. Nakiri niliandika mkataba wa kumfunga miaka mitatu asinikimbie. Nikauchana kabla hajausaini. Badala yake tulikaa tukaandika atakuwa nani baada ya mwaka, kwa mshahara gani, na anatakiwa ajue nini kufika hapo. Leo hakuna ndoo inayoingia stoo bila yeye kuipima.

Muda wa kujaribu mambo nao ni mtaji. Kampuni ya 3M ya Marekani huwaachia watu wake asilimia 15 ya saa za kazi wahangaike na mawazo yao. Gundi dhaifu aliyoipata mkemia wao Spencer Silver mwaka 1968 ilikaa bila kazi ya maana hadi 1974, mwenzake Art Fry alipohitaji alama zisizodondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo za kwaya. Ndipo gundi ile ikazaa vikaratasi vya kubandika na kubandua (Post-it), vilivyoingia sokoni Marekani nzima mwaka 1980. Mimi asilimia 15 siiwezi, hasa msimu ukichanganya. Natoa Ijumaa alasiri, nje ya msimu. Mengi yanayozaliwa hapo hayafai (kuna mshumaa wa nta uliotufukuza wote stoo), lakini kila wazo linajibiwa ndani ya wiki, hata kama jibu ni hapana, na likikubaliwa jina la mwenyewe linaandikwa ukutani.

Yule fundi sasa yuko Nzega, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Mwezi uliopita mota yetu ilianza kulalamika, nikampigia. Akaniambia niisogeze simu karibu na mashine. Akasikiliza kidogo.

"Beringi, mzee. Ya nyuma."

Ilikuwa ya nyuma.