Sakafu Hufia Kwenye Viungio

SWALI: Shikamoo mama. Ninasimamia ghala lililojengwa miaka michache iliyopita. Katikati ya vipande vya sakafu hakuna tatizo, lakini kwenye mistari iliyokatwa kwa msumeno kingo zimemeguka, hasa kwenye njia ya foklifti. Ikivuka na mzigo, kishindo kinasikika mpaka ofisini. Mkandarasi anasema tubomoe, tumwage upya, safari hii zege liwe nene na saruji iongezwe. Tumkubalie?
Msimamizi wa ghala

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkubalie bado. Kwanza chukua nyundo ndogo ugongegonge kuanzia katikati ya kipande ukielekea kwenye kiungio, yaani huo mstari uliokatwa kati ya kipande na kipande. Katikati utasikia mlio mzito, uliojaa. Ukikaribia ukingo na mlio ukageuka wa kitu chenye uwazi chini yake, jibu umeshalipata nusu. Kisha mwagia maji kidogo kwenye kiungio, usimame pembeni, na foklifti yenye mzigo ivuke polepole. Maji yakiruka, au ukaona ukingo mmoja unazama huku mwenzake umetulia, basi vipande vyako vinacheza.

Kinachotokea ni hiki. Zege hukauka kwa juu kabla ya chini, kwa sababu juu kuna hewa na chini kuna unyevu, hasa pale palipotandikwa nailoni. Uso unaokauka husinyaa, tumbo linabaki kama lilivyokuwa, na kingo hunyanyuka taratibu. Baada ya miezi kadhaa ukingo unaning'inia bila kushikwa na kitu. Magurudumu ya foklifti za ghalani huwa madogo na magumu, hayana upepo wa kupunguza kishindo kama tairi la lori. Kila yakivuka yanapiga ukingo ule ule mahali pale pale. Sakafu za namna hii huwa hazifi katikati, hufia kwenye viungio.

Sasa dawa ya mkandarasi wako. Saruji zaidi maana yake uji mwingi kati ya kokoto, na uji ndio unaosinyaa. Akiongeza saruji, na maji yakaongezeka nayo, kingo zitanyanyuka zaidi ya hizi ulizonazo. Unene nao husaidia zege lisikatike chini ya mzigo, ila haumzuii jirani kuzama mwenzake akibaki juu. Kazi hiyo hufanywa na nondo laini za mviringo zinazovuka kiungio katikati ya unene wa zege, nusu yake imepakwa grisi au imevishwa ala ili vipande viweze kusogeleana na kuachana. Ziwe sambamba zote na zilale usawa mmoja. Zikikaa mshazari hufunga kiungio kama komeo, na zege likitaka kusinyaa litapasuka hatua moja pembeni yake. Muulize kama waliziweka. Mtazame usoni anapojibu.

Ukarabati una mpangilio, na watu wengi huukosea kwa kuanza na kuziba. Anza kuzuia vipande visicheze: toboa matundu karibu na kingo, pampu uji mwepesi wa saruji ujaze uwazi ulio chini, kisha rudia kipimo cha foklifti. Vikishatulia, kata sehemu zilizomeguka kwa pembe mraba na kwenda chini angalau milimita 25 (usiache ukingo wa kujaza uliokwisha kwa wembamba, utabanduka), jaza mota ya epoksi (gundi ya kemikali inayoganda ikawa ngumu), halafu ukate upya mstari wa kiungio juu ya ule wa zamani. Ndani ya mstari weka kijazio cha epoksi kigumu kiasi cha kubeba gurudumu. Ile mastiki laini inayofaa viungio vya nje haina kazi hapa. Gurudumu linaibonyeza na ukingo unabaki uchi.

SWALI: Tunafagia kila asubuhi, lakini ikifika mchana vumbi jeupe limeshatanda kwenye maboksi. Nakumbuka siku ya kumwaga, maji yalitokeza juu na mafundi wakanyunyiza saruji kavu ili wawahi kulainisha. Nimepewa ushauri nipake rangi ya epoksi.
Mmiliki wa kiwanda cha kufungasha

JIBU: Vumbi hilo ndiyo hiyo saruji yao. Zege likishamwagwa, kokoto na mchanga hushuka na maji hupanda. Hayo maji lazima yaachwe yaishe yenyewe, au yaburutwe nje kwa mpira. Mafundi wakipitisha mwiko juu yake, au wakiyakausha kwa saruji, wanatengeneza ngozi dhaifu isiyoshikana vizuri na zege la chini. Na mara nyingi maji hayo huwa mengi kwa sababu mtu aliongeza ndoo kadhaa kwenye gari la zege ili limwagike kwa urahisi.

Kwaruza kwa msumari. Ukipita ngozi ya milimita moja au mbili na kukutana na ugumu, una bahati: sagisha hiyo ngozi yote, kisha pakaza kimiminika cha silikati, ambacho huingia kwenye vitundu vya zege na kulifanya gumu lile lililo karibu na uso. Msumari ukiendelea kuzama, juu pote pakwanguliwe mpaka kwenye zege zima na pamwagwe tabaka jipya.

Rangi juu ya ngozi mbovu hushikamana na ngozi, na ngozi ikiondoka inaondoka na rangi yako. Hata baada ya kusaga, gundisha kipande cha nailoni cha karibu nusu mita kila upande, kingo zote zimefungwa kwa utepe, kikae saa 16 au zaidi. Ukikibandua ukakuta matone chini yake au zege limekoza rangi, unyevu bado unapanda. Usipake.

SWALI: Mama, mimi ni fundi, tunamwaga jamvi la zege lenye unene wa milimita 150. Mchoro unaonyesha wavu wa nondo uwe upande wa juu. Bosi anasema tuulaze chini, tutauvuta kwa ndoano tukiwa tunamwaga. Na msumeno tupitishe lini?
Fundi chipukizi

JIBU: Hiyo ndoano naijua. Anayevuta anainua, anayemfuata anaukanyaga, na jioni wavu umelala kwenye nailoni ukiwa umejificha vizuri. Upandishe kwenye viti vya chuma vinavyobeba uzito wa mtu, ukae theluthi ya juu, na zege la kama milimita 50 juu yake. Mwambie bosi kwa heshima kwamba wavu hauzuii ufa usitokee, unaubana tu usifunguke, na ufa wa kusinyaa huanzia juu.

Msumeno hauendi kwa saa ya ukutani. Jaribu kwenye kona: ukiona kokoto zinang'oka, subiri kidogo, mkato ukitoka msafi, anza hapo hapo, hata kama ni saa nane usiku. Ukingoja asubuhi, zege litajikatia lenyewe linapotaka. Kina kiwe robo ya unene, yaani karibu milimita 40, nafasi kati ya mkato na mkato isizidi mita nne na nusu, na vipande vikaribie mraba. Kuzunguka nguzo weka sponji ya kutenganisha, na mikato ielekee kwenye kona zake. Muwe na msumeno wa pili pembeni, umewashwa na kujaribiwa. Baada ya hapo zege lilowe siku 7, na hapo hakuna wa kupunguza.

SWALI: Kiwanda chetu ni cha juisi. Zege la daraja la juu kabisa litahimili asidi ya matunda?
Meneja wa uzalishaji

JIBU: Halitahimili. Asidi huyeyusha saruji ya Portland, yaani hii ya kawaida, ya daraja lolote, na sukari nayo huila. Zege bora litachelewa tu kuliwa. Unahitaji tabaka la juu la saruji iliyochanganywa na poliurethani (aina ya plastiki), lenye mteremko wa milimita 10 hadi 15 kwa kila mita kuelekea kwenye mtaro, na mitaro ipangwe kabla ya mashine hazijapewa nafasi. Niandikie maji yenu ya kuoshea yana joto kiasi gani na yanamwagwa mara ngapi kwa siku, maana hilo ndilo linaloamua unene wa tabaka.