Diski moja, mbona kwangu inakata kona?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Tampere, Finland, nimeanza diski gofu juzijuzi tu, ule mchezo wa kurusha visahani mpaka kwenye kikapu. Nimenunua diski ya Thunderbird, ya kampuni ya Innova, sababu jamaa ninayecheza naye anayo, na yake inanyooka mpaka mita mia na ushee. Yangu inatoka fresh, halafu haijafika hata mita 60 inakata kona kushoto, chini. Narusha bekihendi, yaani mkono unaanzia upande wa pili wa kifua, mkono wa kulia. Nimeuziwa feki? Au nichukue ya spidi 12 ndo iende mbali?

JIBU: Marahaba. Feki wapi, diski nzima kabisa hiyo, tofauti ni mkono unaoirusha. Innova wanaipa Thunderbird namba 9, 5, 0, 2, yaani spidi, kuelea, kupinda kulia mwanzoni (ikiwa hasi ndo inapinda) na kukata kushoto mwishoni, sasa hizo namba zinamsema mtu anayeirusha kwa kasi inayoitaka, na hiyo 9 ndo inakuambia kasi yenyewe si ya mchezo. Ikiwa na kasi inatulia, ikipungua hewa inaanza kusukuma ukingo wake wa mbele kwenda juu, na kwa vile inazunguka kama mshale wa saa basi inalalia kushoto. Kwako kasi inaisha mapema, kwa hiyo unachokiona ni ile sehemu ya mwisho tu, ya kwanza huijui kabisa.

Anayefika mita 80 au 90 ataiona inanyooka sehemu kubwa ya safari ndo inakata, na inakata palepale kila siku, wengi wanaipendea hapo. Wenye mkono mzito kama jamaa yako wanaweza hata kuiona inaegemea kulia kidogo halafu inarudi, na upepo wa mbele ukiwepo ndo zaidi, maana upepo huo kwa diski ni kama kasi imeongezeka. Wa nyuma kinyume chake, inashuka na kukata mapema.

Ya spidi 12 achana nayo kwanza. Destroyer ni 12, 5, -1, 3, hiyo kwako itakata kushoto vibaya kuliko hata hii, pesa imeenda bure. Tafuta Leopard, 6, 5, -2, 1, tena ya gramu 160 na kitu hivi, sio lazima 175, utashangaa inavyonyooka.

Ila kabla hujafika dukani mwambie huyo jamaa asimame pembeni akuangalie pua ya diski, ule ukingo wa mbele, inapotoka mkononi, wanaoanza karibu wote wanairusha pua juu, hapo hata Leopard itapanda, isimame hewani, ikate kushoto vilevile. Shusha kiganja kama unamwaga chai, mabega yasilalie nyuma.

Thunderbird usiiuze. Siku ya upepo wa mbele, au pale njia inapopinda kushoto kwenye miti, utaihitaji hivyohivyo ilivyo.