Maswali na Majibu: Kreta ya Linné haijatoweka

*Nilitazama kreta ya Linné, lile shimo dogo la mwezini, usiku wa mwezi mpevu nikaona doa jeupe tu. Darubini yangu ni mbovu?*

Darubini ni nzima. Swali hili hurudi kila mwezi unapopevuka, na jibu ni lilelile: mwezi mpevu ni wakati mbaya kuliko wote wa kutafuta kreta. Jua linaupiga mwezi usoni, vivuli hakuna, na pasipo kivuli shimo halionekani. Ngoja siku ya sita au ya saba tangu mwezi kuandama. Tazama magharibi mwa Mare Serenitatis, ule uwanda mweusi wa mviringo. Kwa darubini ya sentimita 15, hewa ikitulia, utaona kitundu kilichojaa kivuli. Upana wake ni kilomita 2.2 tu, kwa hiyo usitarajie makubwa.

*Ni volkeno?*

Hapana. Ni shimo lililochimbwa na kimondo kilipougonga mwezi.

*Ni kweli ilitoweka mwaka 1866?*

Aliyetangaza hivyo ni Julius Schmidt, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Athens, mtu makini aliyeuchora mwezi miaka mingi. Ramani za zamani, ikiwemo ya Wajerumani Beer na Mädler, zilionyesha kreta kubwa yenye kina. Yeye akaona wingu jeupe. Mabishano yakadumu miongo. Lakini Mädler mwenyewe alipotazama tena mwaka 1867 aliiona kama alivyoikumbuka. Ramani ile ilichorwa kwa darubini ndogo, ikaikuza Linné kupita kiasi. Picha za Apollo 15, safari ya Wamarekani mwezini, na baadaye za LRO, chombo kinachouzunguka mwezi, zinaonyesha shimo lenye umbo la faneli, kingo kali, kina cha kama nusu kilomita. Weupe unaoizunguka ni mawe yaliyopondwa na kurushwa nje. Bado hayajafifishwa na upepo wa jua (chembe zinazorushwa na jua) na vimondo vidogo, maana kreta hii ni changa kwa umri wa mwezi. Wanaosambaza habari kwamba Linné ilitoweka na sasa ni "kreta iliyofichwa" waache kupotosha watoto.

*Nitaiona bendera ya Apollo 17, ng'ambo ya mashariki ya uwanda huo?*

Hutaiona, hata kwa darubini kubwa kuliko zote duniani.

*Mwanangu anaweza kutazama mwezi alasiri?*

Anaweza, mwezi nusu unaokua huwa tayari umepanda mashariki. Mketishe kwenye kivuli cha ukuta ili darubini isiweze kabisa kuelekea jua. Na kile kichujio cha jua cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kinachouzwa pamoja na darubini za bei nafuu, kitupe leo: joto hukipasua ghafla, na jicho haliponi.